Tofali Zimeiva

Kinole,
14 Januari 2025

Kwa Ndugu Severini,
Mfyatuaji na Muuzaji wa Tofali,
Morogoro Mjini.

YAH: KUKUTAARIFU KWAMBA KUKU AMEKULA TOFALI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninayo heshima kukutangazia rasmi kwamba leo Jumanne, saa nne kasorobo asubuhi, kuku wangu mwekundu, mtetea, asiye na historia yoyote ya uhalifu, amemaliza kula kona ya tofali uliyoniuzia. Hakusaidiwa na mtu. Jumapili alianza kwa kudonoa kidogo, kama anayeonja chumvi. Jana aliita wenzake. Leo kuna tundu ambalo napitisha ngumi, na ngumi yangu si ndogo, nimelima migomba miaka arobaini.

Najua una simu, na mimi ninayo. Nimekupigia mara sita. Mara tatu ulisema mtandao unakata, na mara tatu ukakata wewe. Mtendaji wa kijiji kaniambia maneno ya simu hayagongwi muhuri, niandike. Basi naandika. Mimi ni wa darasa la saba, mengine nimejisomea kwenye magazeti ya kufungia iliki, kwa hiyo ukiona nimekosea mahali ujue ukurasa ulichanika.

Kwa kumbukumbu: mwezi wa kumi na mbili nilichukua kwako tofali mia tatu za inchi sita, za kumjengea mama yangu, Bi. Mwajuma, chumba kimoja na kibaraza. Nyumba yake ya udongo iliangushwa na masika ya mwaka jana. Tangu hapo mama, mwenye miaka themanini na moja, analala jikoni kwangu, kati ya mtungi na magunia. Paa la jiko linavuja sehemu nne, na moja iko juu ya kichwa chake. Masika mengine yanaingia mwezi wa tatu.

Fundi Tomasi amepandisha kozi nne, safu nne za tofali, akasimama. Ukiisugua tofali kwa kidole inamwagika kama sukari. Anasema hawezi kupaua juu ya kitu ambacho kuku anakiona ni chakula.

Naomba kujua, kwa maandishi: nani anawajibika?

Wako katika ujenzi,
Hatibu Sufiani

Nakala: Mtendaji wa Kijiji, Mama (jikoni).


Morogoro,
18 Januari 2025

Mzee Hatibu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Lukasi wa Fuso. Aliisoma njiani; najua, maana alishuka kwenye gari anacheka.

Mzee wangu, mimi nafyatua tofali mwaka wa kumi na moja huu. Tofali zangu zimejenga Kihonda, zimefika Dumila, ziko kwenye msikiti mmoja na kigango kimoja, na mpaka leo hakuna dini iliyolalamika. Sasa nilalamikiwe na kuku?

Kuku akikosa chokaa mwilini hutafuta ukuta. Mpe dagaa. Tomasi naye namfahamu, ni fundi mzuri, lakini fundi akipindisha ukuta husema ni tofali, kama vile mshoni akikosea husema ni kitambaa. Na kama kweli kuna kasoro, basi itakuwa kwenye saruji. Saruji sitengenezi mimi, nanunua dukani kwa Noordin, muulize yeye aliihifadhi vipi.

Halafu kumbuka maneno yangu siku ile mnapakia. Nilikuambia, mzee, ziache ziive siku saba ndipo ujenge. Ukaniambia, na Lukasi alisikia: "Hilo la kuiva usinifundishe, nimezaliwa ndani yake." Kama hukuziacha ziive, hilo ni lako, si langu.

Niletee moja niione.

Mtoto wako,
Severini


Kinole,
23 Januari 2025

YAH: KIELELEZO

Ndugu Severini,

Marahaba. Ndani ya kiroba utakuta tofali moja. Ilipotoka hapa ilikuwa nzima. Ikikufikia vipande, hicho nacho ni kielelezo.

Ushauri wa dagaa nimeupokea. Nimewapa kuku. Wamekula dagaa, kisha wakarudi ukutani kuteremshia.

Kuhusu kuiva, sina la kuongeza. Ziliiva. Ziliiva sana. Nyie wazaliwa wa Mgeta mmezoea karoti, kitu kinachoiva chenyewe chini ya ardhi hakuna anayekisimamia. Sisi tukisema kitu kimeiva, kimeiva.

Kozi ya nne imeanguka. Haikusukumwa na mtu. Tomasi aliegemeza ngazi, akageuka kumwitikia mtu salamu, alipogeuka tena ngazi iko chini na ukuta uko chini, vimelala pamoja kama ndugu. Mama alisogea akaokota kipande, akakiponda kiganjani, akasema huu ni mchanga uliotumiwa salamu na saruji, na salamu zenyewe hazikufika. Sikucheka. Ni nyumba yake.

Mvua ya Jumapili imelowesha godoro lake lote. Nimemhamishia kwenye banda la kukaushia iliki, kwa kuwa lile lina paa zima na moto. Ni kwa muda tu. Nasisitiza, kwa muda.

Noordin nimemwandikia, kama ulivyotaka.

Hatibu Sufiani

Nakala: Mtendaji wa Kijiji, Mama (bandani, kwa muda).


Morogoro,
27 Januari 2025

Mzee Hatibu,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani.

Saruji ya mzigo ule niliwauzia watu kumi na wanne. Kumi na watatu hawajaniandikia.

Kitabu changu kinaonyesha kwamba tarehe 9 Desemba Severini alichukua mifuko sita. Alisema ni ya tofali mia tatu za mzee wa Kinole. Nikamuuliza, mia tatu au mia mbili? Akasema mia tatu. Nikadhani ana mifuko mingine nyumbani, kwa sababu mtu ukimfahamu miaka kumi unamdhania mema.

Mfuko mmoja hutoa tofali thelathini na tano za inchi sita. Ukijibana, arobaini. Hamsini kwa mfuko si tofali, ni dua.

Nakala ya barua hii nampa Severini mwenyewe, mkononi, ili asije akasikia kwa Lukasi.

Noordin


Morogoro,
1 Februari 2025

Mzee Hatibu,

Shikamoo. Ya Noordin tuyaweke kando kwanza. Kuna jambo kubwa zaidi.

Kielelezo chako kilifika Jumatano. Nilikuwa kazini, mke wangu Cecilia akakipokea, akakiweka jikoni. Jioni naingia ndani ananiuliza mgeni ni nani, na kwa nini hakuambiwa mapema kwamba kuna pilau. Nikamwambia hakuna pilau. Akasema, mbona nyumba nzima inanukia iliki?

Tukatafuta. Mzee, ni tofali.

Tofali ni mchanga, saruji na maji. Kwa miaka kumi na moja sijawahi kutia kiungo. Nikaipasua. Upande mmoja imebadilika rangi, imekuwa kama mkate ulioachwa motoni, na kwenye tundu dogo nimekuta masizi. Tena si vumbi la njiani. Ni masizi ya kuni, nimezaliwa milimani kama wewe, nayajua.

Basi na mimi naomba kujua, kwa maandishi, kama unavyopenda: baada ya kutoka kwangu, tofali yangu ilikuwa inakaa wapi?

Severini


Kinole,
6 Februari 2025

YAH: HARUFU

Ndugu Severini,

Kinole kila kitu kinanukia iliki. Mashuka yananukia iliki. Mtendaji ananukia iliki. Barua hii uliyoshika inanukia iliki, inuse. Kama harufu ni kosa, basi tarafa nzima ina kesi.

Umesema ya Noordin tuyaweke kando. Mimi nimeyarudisha katikati. Mifuko sita, tofali mia tatu. Nimepiga hesabu kwa kalamu, nikapiga kwa punje za mahindi, nikampa Tomasi apige kwa vidole. Kila njia inafika hamsini. Ulimjengea mama yangu kwa saruji ya kubania, halafu unaniuliza tofali ilikuwa inakaa wapi, kana kwamba ni binti amechelewa kurudi.

Mawingu sasa yanashuka mlimani asubuhi na hayaondoki mpaka saa sita. Kozi zimebaki tatu. Kuku wanaishughulikia ya tatu.

Nani anawajibika? Nangoja.

Hatibu Sufiani

Nakala: Mtendaji wa Kijiji.
(Mama hapewi nakala ya hii.)


Kinole,
10 Februari 2025

Mwanangu Severini,

Marahaba, najua ungeniamkia. Mimi ni Mwajuma, mama yake Hatibu. Anayeandika ni Lukasi, ameapa kuandika ninavyosema bila kuongeza. (Nimeapa. Lukasi.)

Hatibu alizipika tofali zako.

Alizipanga bandani, mia kwa mia. Kila mia aliiwashia moto siku tatu, anazigeuza kama mihogo ya kuchoma. Wakati wa kuzishusha kwenye gari kulikuwa na manyunyu, akazifunika majani ya mgomba yote ya shamba ili zisipate hata tone. Unajua sisi huku tofali yetu ni ya udongo. Ikipata maji kabla ya kuiva ni tope, na ikiiva imeiva kwa moto. Wewe ulimwambia ziive. Hukumwambia ziive kwa kitu gani. Alifanya bidii, sijamwona na bidii ile tangu alipokuwa anaposa. Na mimi ndiye niliyemwambia aongeze kuni. Kwa hiyo mkiandika anayewajibika, na mimi mniandike.

Amekwisha kujua kosa lake. Tomasi alimweleza siku ukuta ulipolala. Anaona haya, na mtu mzima akiona haya huandika barua ndefu.

Na wewe, mifuko sita.

Mwanangu, masika hayajui kusoma. Acheni.

Mwajuma
(Alama ya dole gumba. Wino umetoka kwa mtendaji, hajui ni wa nini. Lukasi.)


Morogoro,
17 Februari 2025

Mzee Hatibu,

Shikamoo, na shikamoo kwa mama.

Barua yake sikuijibu haraka. Maneno yake ya mwisho ni matano tu, na nimetembea nayo wiki nzima kama kokoto kwenye kiatu.

Ni kweli nilipiga hamsini. Saruji ilipanda, ukaniambia bei yangu ghali, na sikutaka kumpoteza mteja, nikapunguza mahali ambapo jicho halifiki. Nilizitoa siku ya pili, mbichi kabisa, kwa sababu Fuso ya Lukasi ilikuwa inarudi tupu na nikaona tuokoe safari. Na maji sikukutajia. Huku mjini kila mtu anajua, nikadhani kila mtu ni mjini. Wakati mama yangu mwenyewe, huko Mgeta, amekaa kwenye nyumba ya udongo mpaka kufa, na tanuri la tofali zake nililikoka mimi. Neno lile lile la kuiva nimelisema maisha yangu yote kwa maana mbili, na siku ile halikunigonga.

Tofali ya saruji, mzee, huiva kwa maji. Maji ndiyo kuni zake. Ukiikausha mapema, saruji inalala usingizi na haiamki tena.

Nilimuuliza Tomasi kwa simu: je, ningetia saruji ya kutosha, zingeuvumilia moto wa Mzee Hatibu? Akasema hapana. Je, angezimwagilia, zingesimama na mifuko sita? Akasema hapana. Nikamwambia sasa nani kaziua? Akasema tofali hizi zilikufa mara mbili, na kwamba yeye ni fundi, si hakimu.

Jumatatu ijayo napanda na Lukasi. Naleta kalibu yangu, mifuko tisa, na mgongo wangu mwenyewe. Mchanga wa mtoni chukua wewe, uoshwe. Nitafyatulia hapo hapo mbele ya mama, ahesabu. Kisha nikiondoka, kila asubuhi na kila jioni, siku kumi na nne, unamwagilia. Sisemi ziive. Nasema mwagilia.

Severini


Kinole,
6 Machi 2025

YAH: UMWAGILIAJI WA MAWE

Ndugu Severini,

Marahaba. Leo ni siku ya kumi.

Nataka uijue hali halisi. Ni Ramadhani. Mimi nimefunga. Kila siku asubuhi nateremka mtoni, napanda na ndoo, nazinywesha tofali mia tatu na kumi na mbili mbele ya macho yangu, nazisikia zinavyofyonza. Jioni, wakati koo limekuwa kama gunzi, nateremka tena. Wapita njia wananisalimu kwa huruma. Jirani mmoja alimuuliza Tomasi kama nategemea ziote.

Kwaresima yako imeanza jana, nimesikia. Vizuri. Nateseka na mtu.

Mama ametoka bandani mara moja tu kuja kukagua. Alizipiga kwa mkongojo, zikalia kama kengele. Alirudi kwenye moto wake.

Wewe ulipokuwa hapa hukuniuliza kuhusu moto wa bandani, nami sikukuuliza kuhusu mifuko sita. Tulichanganya mchanga tu. Nimeona niliseme hili kwenye karatasi kwa kuwa mdomoni halikutoka: kosa langu nililijua tangu tarehe 23 Januari. Barua ya harufu haikupaswa kuandikwa.

Mvua bado. Mawingu sasa hayaondoki hata saa sita.

Hatibu Sufiani

Nakala: hakuna.


Kinole,
8 Aprili 2025

YAH: KUKAMILIKA KWA NYUMBA NA KUFUNGWA KWA JALADA

Ndugu Severini,

Ninayo heshima kukutaarifu kwamba nyumba ya Bi. Mwajuma imekamilika. Bati la mwisho lilipigwa msumari Jumatano saa tisa alasiri, na mvua kubwa ikaanza saa kumi na robo. Tomasi alikuwa bado juu, akashuka na maji. Masika yameingia yenyewe sasa. Mto uko juu ya kivuko na Lukasi anapita mara moja kwa wiki, kwa hiyo barua hii itakufikia imezeeka.

Kuta zimesimama. Nimezipiga teke, nimeumia mimi. Kuku wangu mwekundu alikuja siku ya kwanza, akadonoa mara mbili, akatazama kushoto na kulia kama aliyekosea mlango, akaondoka. Hajarudi.

Tofali zile za zamani, zilizobaki, nimezimwaga kwenye njia ya choo. Mvua ikinyesha, njia nzima inanukia pilau.

Mtendaji aliniita kufunga jalada. Aliuliza, katika barua zote hizi, hatimaye nani anawajibika? Nikamwambia aandike mimi, aandike wewe, na mama ameomba aandikwe kwa ajili ya kuni. Akasema fomu ina mstari mmoja tu. Tukafikiri. Akaandika "Kuku", akagonga muhuri.

Cecilia msalimie. Lukasi ana robo kilo ya iliki yako, ipime akifika.

Wako,
Hatibu Sufiani

N.B. Umeniulizia mama anaionaje nyumba. Hajahamia. Anasema ina baridi, na kwamba banda limekwisha kumzoea. Iliki nimezianika chumbani kwake.